Kisumu kwa motokari ya kulala: njia, bandari, na udongo wetu



Tangu tulirudi kutoka Kisumu, wenzangu wa promosheni wananiuliza maneno matatu: tulilala wapi, ilikula franga ngapi, na tulienda kutafuta nini kule. Nitajibu yote matatu kwa utaratibu, juu kuko wengine wanataka kufuata njia ile ile wakati wa likizo. Lakini swali la tatu njo la maana zaidi, na nitalipatia nafasi kubwa.

Kampinkari ni wazo, haiko motokari

Wazungu wako na motokari wanaita kampinkari. Ni nyumba yenye magurudumu: kitanda, jiko, tangi la maji, mara zingine hata choo. Watalii wanaozunguka Afrika kutoka Cairo mpaka Cape Town wanatembea nayo. Bei yake sisi hatuiwezi, na hakuna haja ya kuiota.

Ukiangalia vizuri, kampinkari ni wazo tu: pahali pa kulala panatembea pamoja na wewe, basi hulipi oteli kila usiku, unapika mwenyewe, na unasimama pahali unataka kujifunza kitu. Mashofere wa malori wa Butembo wanalijua wazo hilo zamani sana. Nyuma ya kiti cha shofere kuko godoro, chini kuko sufuria na mbabula, na kutoka Mombasa mpaka Butembo mtu analala mule mule. Hakuna mtu anamwita mtalii.

Sisi tulikodi Hiace moja. Tulikuwa wanne: mimi, wenzangu wawili wa agronomi, na Papa shofere, mzee mwenye kujua ile njia kama kiwanja cha nyumba yake. Tulitoa viti vya nyuma, tukapanga mbao juu ya masanduku ya bia, tukaweka magodoro mawili. Chini ya mbao tuliweka vyakula, tairi la akiba, bido tatu za maji za litre 20 na jiko dogo la gesi. Wawili walilala ndani, wawili ndani ya hema pembeni.

Mama yangu hakufurahi. Mi ni mtoto wa Kayna. Wakati vita vilifika Kanyabayonga, kisha Kayna na Kirumba, mwishoni mwa Juni 2024, watu wengi walilala ndani ya motokari, ndani ya makanisa na masomo, mpaka Lubero na Butembo. Mama akaniambia: «Tulilala ndani ya motokari juu ya kukimbia. Leo wewe unalipa ili ulale humo?» Nilimjibu kama siendi kwa mchezo. Ninaenda kuangalia namna watu wengine wanaishi na ziwa na milima, juu siku tutarudi kwa shamba tusirudi mikono mitupu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniwekea kilo tano za maharagi. Kwa mama, hilo lilikuwa jibu.

Njia na hesabu yake

Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilomita karibu 54. Beni mpaka Kasindi ni karibu 80. Ukivuka Mpondwe uko Uganda: kilomita karibu 60 mpaka Kasese, karibu 75 mpaka Fort Portal, karibu 300 mpaka Kampala. Kampala mpaka Busia, kwa njia ya Jinja, ni karibu 200. Busia mpaka Kisumu ni kidogo juu ya 110. Jumla inakaribia kilomita 900, kwenda tu.

Sasa chukua Hiace inayokula litre 12 kwa kilomita 100. Ni litre karibu 108 kwenda, na kiasi hicho kurudi. Ukigawanya kwa watu wanne, kila mtu anabeba litre karibu 54 kwa safari nzima. Hiyo njo gharama kubwa, na ndiyo maana safari hii ina maana mkiwa wanne ao watano. Mkiwa wawili, bora bisi. Ongeza bei ya kukodi motokari, asiransi, na franga kidogo ya kulala ndani ya kiwanja cha mtu. Chakula kilikuwa rahisi juu tulibeba maharagi, unga na viazi kutoka nyumbani.

Sehemu ya Beni mpaka Kasindi si ya mchezo. Kila mtu hapa anajua watu wamekufa kwenye barabara ile. Tulipita asubuhi, nyuma ya motokari zingine, bila kusimama. Hapo kanuni ni moja: usilale njiani, usipite usiku, uliza habari ya njia siku ile ile, na kama watu wanasema ngoja, unangoja. Kazi za kutia lami kati ya Kasindi, Beni na Butembo zilizinduliwa Juni 2021, na penye lami mwendo unabadilika kabisa.

Makaratasi

Kwa mtu: pasiporo yenye siku za kutosha na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka wa 2022. Kisha Kenya iliondolea Wakongomani viza Septemba 2023, na Uganda ikafuata Januari 2024. Wakubwa wetu walilipa viza kila safari. Sisi tumepata mlango ulio wazi, tuutumie.

Kwa motokari: karte roze, permi ya shofere, na kadi ya njano ya COMESA, ile asiransi inayokubaliwa kwa inchi nyingi za huku. Kama motokari haiko kwa jina lako, beba barua ya mwenyewe yenye mhuri. Duani ya upande wa pili inaandika motokari kama mgeni na kuipatia siku zake. Zihesabu hizo siku, juu ukizipita unalipa amende.

Kuko na mambo madogo ambayo hayaandikwi popote. Ukivuka Kasindi, saa inaruka: saa mbili ya Congo ni saa tatu ya Uganda. Ukifika mpakani kwa saa ya kwenu, unakuta watu wamekutangulia. Kwetu tunaendesha kwa kuume kwa barabara, Uganda na Kenya ni kwa kushoto. Bahati nzuri motokari nyingi za Butembo ziko na usukani wa kuume, basi shofere hateseki kupita motokari zingine. Busia iko mpaka wa kusimama mara moja: makaratasi ya kutoka na ya kuingia yanafanyiwa upande mmoja tu, ule unaoingia. Na mbele ya kuingia Kenya, toa mifuko yote ya plastiki ya kubebea vitu. Iko marufuku kule tangu Agosti 2017. Tulihamisha maharagi ya mama ndani ya gunia, na mambo yakaisha.

Kulala bila kuumia

Hatukulala hata mara moja kando ya barabara. Tulilala ndani ya viwanja vya misioni, kwa vituo vya mafuta vyenye mlinzi, na Kisumu ndani ya kiwanja cha mama mmoja anayepangisha vyumba. Unafika mbele ya jua kuzama, unasalimia, unaomba ruhusa, unauliza choo kiko wapi, unalipa kile mnapatana. Pahali pengi walitukubalia kirahisi kuliko tulifikiri. Kile kiliwashangaza ni kuona watu weusi wanafanya kambi.

Mambo matatu tafadhali msiyachukue kwa urahisi. Moja, msiwashe mbabula ya makala wala gesi ndani ya motokari iliyofungwa, hata kama kuko baridi sana Fort Portal. Moshi wa makala usioonekana unaua mtu akiwa usingizini, na haumwamshi. Mbili, sisi watu wa milima ya Lubero, kwetu baridi inapunguza mbu. Kisumu iko chini, kwenye joto, na malaria ni nyingi. Chandarua kwa kila dirisha na kwa hema. Tatu, maji ya pembeni ya ziwa yako na kichocho. Angalia ziwa, kula samaki yake, lakini usiogelee.

Kisumu: bandari iliyozaliwa na reli

Sasa swali la tatu. Kisumu iko kwa mwisho wa mkono mmoja wa ziwa Victoria unaoitwa ghuba ya Winam. Ziwa lenyewe liko na kilomita za mraba karibu 68,800, lakini ghuba ni nyembamba na maji yake si ya kina. Waluo wa pale wanaeleza kama jina la muji linatoka kwa neno la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana. Yaani mbele ya meli, mbele ya reli, pale palikuwa soko: wa milimani wanaleta nafaka, wa ziwani wanaleta samaki. Ukitoka Kayna na kujua soko letu na samaki wa Vitshumbi, unaelewa bila mtu kukueleza.

Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka wa 1896. Mwishoni mwa 1901 ilifika ziwani, kilomita zaidi ya 900, na pahali pale wakapaita Port Florence. Wakati ule Kisumu ilihesabiwa ndani ya Uganda. Ni mwaka wa 1902 mpaka ulisogezwa na ikaingia upande unaoitwa leo Kenya. Njo maana reli ya Kenya iliitwa Reli ya Uganda.

Reli ilifika ziwani ikasimama, mzigo ukaendelea kwa meli. Meli hazikupita baharini kufika pale, hapana. Ziliundwa Uingereza, zikafunguliwa vipande, vipande vikabebwa mpaka ziwani, vikaunganishwa tena. Ya kwanza ya namna hiyo pale Kisumu, William Mackinnon, iliingia majini mwaka wa 1900, hata mbele ya reli kufika. Kisha zikaja kubwa zaidi. Pamba na kahawa ya Uganda ilivuka ziwa mpaka Kisumu, ikapanda treni, ikaenda Mombasa. Kwa miaka 30 Kisumu ilikuwa mlango wa inchi nzima ambayo haikuwa yake.

Halafu mlango ukahamishwa. Mwaka wa 1931 reli ingine, inayopita kaskazini, ilifika Kampala moja kwa moja. Mzigo wa Uganda haukulazimishwa tena kupita majini. Bandari haikufa, lakini ilipoteza ile sababu yake ya kwanza. Miaka ya 1960 ilipata nguvu tena: meli kubwa mbili, Umoja na Uhuru, zenye kubeba mabehewa ya treni mazima juu yao. Lakini mwaka wa 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, Kenya, Uganda na Tanzania zikagawanya mali, na ziwa moja likawa maziwa matatu kwa makaratasi. Miaka mingi mashine za kupakia zilikaa na kutu. Ni mwaka wa 2019 tu meli Uhuru ilirudishwa kazini.

Mtu wa Butembo anaweza kusema: hiyo historia inanihusu nini? Inakuhusu kila siku. Bomba la mafuta linalotoka Mombasa linafika mpaka Eldoret na Kisumu. Pale malori yanapakia, yanapita Busia ao Malaba, Kampala, Kasindi. Mafuta yanayowasha moto ya motari hapa mara nyingi yamepita pale. Tulisimama kando ya barabara tukahesabu malori ya mafuta. Papa shofere akacheka: «Munafikiri munaangalia Kisumu. Munaangalia bei ya Butembo.»

Gugu linalofunga bandari

Lakini kitu kilichonishika mimi kama mwagronomi hakikuwa meli. Kilikuwa majani. Asubuhi ya kwanza tulishuka Dunga, kijiji cha wavuvi karibu na muji. Pahali nilingojea maji, niliona shamba la kijani lenye maua ya zambarau. Ni gugu maji, mmea uliotoka Amerika ya Kusini ukaletwa Afrika kwa uzuri wa maua yake. Ulionekana ndani ya ziwa Victoria karibu mwaka wa 1990. Kukiwa joto na chakula cha kutosha majini, unaweza kuongezeka mara mbili kwa wiki mbili hivi. Miaka ya 1990 ulifunga ghuba, pirogi hazipiti, meli hazifiki gatini.

Walijaribu kuling'oa kwa mikono na kwa mashine. Kilichosaidia zaidi ni wadudu wadogo, fukusi wa jamii ya Neochetina, waliotoka kule kule gugu linatoka, wenye kula gugu hilo. Lilipungua sana. Lakini halikuisha: mbegu zinalala ndani ya matope miaka mingi, na upepo ukibadilika linarudi ghubani. Siku ya pili upepo wa usiku ulikuwa umesukuma lote pembeni, na wavuvi walikuwa wamechelewa juu ya kutafuta mlango.

Mvuvi mmoja, tulimwita mzee, alituuliza sisi ni watu wa kazi gani. Tukasema udongo. Akaonyesha kwa mkono, hakuonyesha ziwa, alionyesha milima nyuma ya muji. «Basi dawa ya hili iko kwenu, si kwangu.»

Ana haki. Gugu haliishi kwa maji matupu. Linakula azoti na fosfori. Sehemu ya chakula hicho ni maji machafu ya muji, sehemu ingine inashuka na mito. Nyando inatoka milimani, inapita tambarare ya Kano pahali wanalima mchele wa Ahero, inamwagika ghubani ikiwa na rangi ya udongo. Watafiti wa ICRAF wa Nairobi walichunguza bonde hilo la Nyando juu mmomonyoko wake ni mkubwa sana. Mkulima wa juu anapoteza udongo wake na mbolea yake; mvuvi wa chini anapata gugu. Hasara moja inalipwa mara mbili, na watu wawili wasiojuana.

Sasa turudi Kayna

Milima yetu iko kwa mgongo unaogawa maji ya Congo na maji ya Nil. Mvua inayoanguka upande wa mangaribi inatafuta mto Congo. Ya upande wa mashariki inashuka kwa ziwa Edward, inatoka kwa mto Semuliki, inaingia ziwa Albert. Na maji ya ziwa Victoria yanatoka Jinja, yanafuata Nil, yanafika ziwa Albert lile lile. Yaani maji ya Kisumu na maji ya Vitshumbi yanakutana. Hii si mfano wa kupendeza, ni ramani.

Ziwa Edward ni dogo kuliko Victoria mara nyingi sana. Watu wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanakula kwa ziwa hilo, na sisi wa juu tunanunua samaki yao. Na sisi wa juu tunalima viazi na mihogo kwa miteremko mikali, mistari ikishuka chini kama maji yanavyotaka. Wazee wetu wanakumbuka mitaro ya kuzuia udongo waliyochimbishwa kwa lazima wakati wa Wabelgiji. Juu ilikuwa ya lazima, watu waliichukia, na uhuru ulipofika wengi waliiacha ikajaa. Sayansi ya mitaro haikuwa mbaya; fimbo njo ilikuwa mbaya. Sisi tuliosoma tunaweza kuirudisha bila fimbo.

Kazi yenyewe munaijua, tumeifanyia mtihani. Miti miwili na mmoja wa katikati, unafunga herufi A, unaning'iniza jiwe kwa kamba, unatembea nayo shambani ukitia vijiti pahali usawa ni mmoja. Kwa mstari huo unapanda setaria ao matete, majani ambayo mbuzi atakula. Unalima kwa kufuata mstari, si kwa kushuka. Haihitaji mradi wala bendera ya shirika. Inahitaji mwenye shamba akubali kupoteza mstari mmoja wa viazi ili asipoteze shamba.

Najua jibu la wengi: «Kwa vita hivi, mtu atapanda majani ya miaka kumi?» Ni swali la haki, na mi silichezei. Kuko wenzetu hawajaona shamba lao tangu 2024. Kuko waliorudi, wanalima na sikio moja likisikiliza njia. Lakini mvua haingojei amani. Misimu yote ambayo tunasema «tutaanza vita vikiisha», udongo unashuka. Kisumu haikupigwa bomu. Ilipunguzwa na reli iliyopita pengine, na wakubwa waliogombana, na udongo ulioachwa utembee. Mambo mawili ya kwanza hayako mikononi mwetu. La tatu liko.

Kwa hiyo, kwa wale wanaotaka kwenda: muchague miezi ya ukavu, Juni mpaka Agosti, muwe wanne, muangalie habari ya Beni–Kasindi mbele ya kulipa kitu chochote. Orodha ya pahali tulilala na namna ya kupanga mbao ndani ya Hiace ninayo, nitampa anayeomba. Na kwa wale wasioweza kusafiri: herufi A mbili tulizotengeneza ziko kwangu hapa Butembo. Mwenye shamba, hata la kukodi, aje achukue moja, airudishe ndani ya wiki, juu kuko mwingine anaingoja.